Maili 70: Jaribio la Miezi Minne Lililopitisha Miaka Sitini

Tarehe 22 Desemba 1965, siku tatu kabla ya Krismasi, madereva wa Uingereza walianza kuendesha chini ya kikomo kipya: maili 70 kwa saa, karibu kilomita 113, hata katika barabara ambazo hadi jana yake hazikuwa na kikomo chochote. Waziri wa Uchukuzi, Tom Fraser, aliwaambia wasihamaki, ni jaribio tu la miezi minne. Kesho yake Fraser mwenyewe akawa hayupo tena wizarani. Namba yake ipo mpaka leo.

Tangu hapo, kila baada ya miaka michache swali hulipuka upya. Wapo wanaotaka namba ipande, kwa hoja kwamba gari la leo si la 1965: breki ni nyingine, matairi ni mengine. Wapo wanaotaka ishuke ili kuokoa mafuta na hewa. Lakini ukiifuata historia ya mwendo nchini humo unagundua kwamba namba ya kwenye kibao haijawahi kufanya kazi peke yake. Nyuma yake ipo namba ya pili, isiyoandikwa popote barabarani: ule mwendo ambao askari yuko tayari kuufumbia macho.

Konstebo na baiskeli yake

Sheria ya mwaka 1865 iliruhusu mashine zitembee maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, tena mtu akitangulia kwa miguu na bendera nyekundu mkononi. Ilitungwa kwa ajili ya mitambo mizito ya mvuke. Magari ya petroli yalipoingia yakaikuta, nayo ikayabana vilevile.

Januari 1896, mfanyabiashara wa magari Walter Arnold alipita Paddock Wood, katika jimbo la Kent, akienda maili 8 kwa saa. Hiyo ilikuwa mara nne ya mwendo ulioruhusiwa. Konstebo wa eneo hilo alikuwa nyumbani kwake anakula. Akaacha chakula, akarukia baiskeli, akamfukuza Arnold maili kama tano mpaka akamtia mkononi. Kwa kosa la mwendo peke yake Arnold alitozwa shilingi moja, na anahesabiwa kuwa dereva wa kwanza Uingereza kupigwa faini ya mwendo kasi. Novemba mwaka huohuo Bunge likamwondoa mtu wa kutangulia na kupandisha kiwango hadi maili 14. Mwaka 1903 kikawa 20.

Maili 20 hizo zilidumu hadi mwisho wa 1930, wakati magari yalikwisha kuzipita zamani. Hapo ndipo mchezo wa paka na panya uliposhamiri. Chama cha AA, ambacho leo kinajulikana kwa kuwasaidia madereva waliokwama njiani, kilianzishwa mwaka 1905 kwa shughuli nyingine kabisa: kuwaweka watu wenye baiskeli barabarani wawaonye wanachama kwamba mbele kuna askari wamejificha na saa za kupimia mwendo. Mwaka 1910 mahakama iliamua kwamba kutoa onyo la namna hiyo ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. AA wakapata mbinu. Mtu wao alitakiwa kumpigia saluti kila mwanachama aliyepita. Siku asipopiga, mwanachama ajue kuna jambo, asimame aulize. Nani angemshitaki mtu kwa kukosa adabu ya kupiga saluti? Dereva wa barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro hahitaji kufafanuliwa zaidi. Basi linalotoka mbele likimpigia taa, anajua trafiki yuko na tochi ya kupimia mwendo.

Sheria ya 1930 ikavunja kikomo cha magari madogo moja kwa moja. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba amri inayovunjwa na kila mtu huishushia sheria yote heshima. Ilikuwa hoja nzito, lakini haikuzuia vifo. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,300 walikufa barabarani, katika nchi iliyokuwa na magari machache mno kuliko leo. Machi 1935 kikomo kikarudi mijini, maili 30, chini ya waziri Leslie Hore-Belisha. Nje ya miji, dereva akabaki na hiari yake.

Barabara bila kikomo, bila uzio

Barabara ya kwanza ya magari peke yake, isiyo na makutano wala waenda kwa miguu, ilifunguliwa na Waziri Mkuu Harold Macmillan mwezi Desemba 1958. Ilikuwa kipande cha maili kama nane tu cha kuuzunguka mji wa Preston. Novemba 1959 ikafuata M1, kutoka karibu na Watford kuelekea kaskazini. Haikuwa na kikomo cha mwendo, taa, wala uzio wa katikati wa kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi. Waziri Ernest Marples, aliyeifungua, hakuficha kwamba kasi aliyoishuhudia siku hiyo ilimtisha. Magari mengi ya familia ya wakati huo hayakuwa yameundwa kukimbizwa hivyo kwa muda mrefu, na mengine yakachemsha maji na kukwama kando ya njia.

Juni 1964, kampuni ya AC ilikuwa ikiliandaa gari lake la Cobra kwa mashindano ya Le Mans. Dereva Jack Sears akalipeleka M1 alfajiri, barabara ikiwa tupu, akalikimbiza hadi maili kama 185 kwa saa. Hakuvunja sheria, kwa sababu hapakuwa na sheria ya kuvunja. Magazeti yakalichangamkia, na hadi leo wapo wanaosimulia kwamba Cobra hiyo ndiyo iliyoleta maili 70. Tarehe zenyewe zinaukataa usimulizi huo: kikomo kilikuja mwaka mmoja na nusu baadaye. Kilicholeta namba ni ukungu. Novemba 1965 magari yaligongana kwa mkururo katika barabara hizo mpya, madereva wakiwa hawaoni mbele lakini hawapunguzi mwendo, na serikali ikalazimika kuonekana imefanya jambo.

Aliyelirithi jaribio la Fraser alikuwa Barbara Castle, mwanamke ambaye hakujua kuendesha gari. Wapinzani wake walilishikilia hilo kila walipopata nafasi. Castle akaongeza muda wa jaribio, akasubiri Maabara ya Utafiti wa Barabara itoe taarifa. Taarifa ikasema majeruhi wamepungua, vyama vya wenye magari vikabisha hesabu zake, na mwaka 1967 maili 70 ikawa ya kudumu. Mwaka huohuo Castle akaleta na kipimo cha pumzi cha kunasa madereva walevi.

Mtikisiko mkubwa wa kwanza wa namba hiyo ulisababishwa na mafuta. Mgogoro wa Mashariki ya Kati ulipopandisha bei, Desemba 1973 Uingereza ilishusha kikomo hadi maili 50. Machi 1974, barabara za magari peke yake zikarudishiwa 70 zao.

80 iliyoshindikana

Mwaka 2011 waziri Philip Hammond alipendekeza kiwango cha barabara za magari peke yake kipande hadi maili 80, karibu sawa na kilomita 130 za Ufaransa. Alisema 70 imepitwa na wakati: vifo barabarani vimeshuka kwa zaidi ya robo tatu tangu 1965, na karibu nusu ya madereva wa barabara hizo wanaizidi namba hiyo hata hivyo. Ilikuwa hoja ya mwaka 1930 imerudi na koti jipya. Ndani ya wiki chache Hammond alihamishiwa Ulinzi, na kufikia 2013 pendekezo lilikuwa limekwisha kuzikwa bila matanga.

Wahandisi walikuwa na hesabu zao. Nguvu ya mgongano haipandi sambamba na mwendo. Kutoka 70 kwenda 80 mwendo unaongezeka kwa asilimia 14, lakini nguvu inaongezeka kwa asilimia 31. Kitabu cha kanuni za barabarani cha Uingereza kinasema gari lililo kwenye 70 huhitaji mita 96 kusimama. Kwa kanuni hiyohiyo, lililo kwenye 80 litahitaji kama mita 122. Faida yake? Safari ya maili 100, njia ikiwa nyeupe, inapungua kutoka dakika 86 hadi 75. Na katika barabara zilizojaa magari, njia kuwa nyeupe ni bahati.

Ndiyo maana mabadiliko yaliyofanikiwa ni yale ambayo hayakuigusa 70. Mwaka 1995 sehemu ya M25, inayouzunguka mji wa London, ilifungwa vibao vya umeme vinavyoshusha mwendo hadi 60, 50 au 40 msongamano unapokaribia. Dereva mmoja akifunga breki ghafla, wa nyuma hufunga kwa nguvu zaidi, na wa kumi husimama kabisa. Wote wakienda mwendo mmoja wa chini, mnyororo huo hauanzi. Mwaka 2020 vipande vifupi vinne vya barabara hizo England vilishushwa hadi 60 kwa sababu ya hewa chafu. Namba ikaanza kufuata saa na mahali.

Kwa hiyo ibadilishwe au ibaki? Jibu liko kwenye ile namba ya pili. Mwongozo wa wakuu wa polisi huwashauri askari waongeze asilimia 10 na maili 2 juu ya kikomo kabla ya kumchukulia dereva hatua, ingawa askari ana uhuru wa kuamua vingine. Juu ya 70, hiyo ni 79. Madereva wanaijua hesabu hii, na wengi huendesha kwa kuifuata. Ukiandika 80 ukaacha mwongozo ulivyo, kikomo halisi kinakuwa 90, na hakuna waziri aliyewahi kusimama mbele ya wananchi kuwaomba 90. Ukiandika 80 ukaufuta mwongozo, tochi ikapiga kwenye 80 kamili, basi dereva aliyepigania mabadiliko hayo kwa miaka yote atakuwa amejipatia maili moja.