Uvumi kwamba Harold Wilson alikuwa jasusi wa Moscow ulianzia wapi?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kuna neno moja lililosemwa Uingereza kwa miaka mingi, halikuwapo wala halikuja: kwamba Harold Wilson, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 1964 hadi 1970 na tena kuanzia 1974 hadi 1976, alikuwa jasusi wa Muungano wa Kisovieti. Nimeufuata uvumi huo kinyumenyume, mdomo kwa mdomo. Kisa cha mbali nimekichagua makusudi, maana cha hapa kwetu kingetugawa kivyama kabla hatujafika katikati.

Wengi waliupata katika kitabu Spycatcher cha mwaka 1987, kilichoandikwa na Peter Wright, ofisa mstaafu wa MI5, idara ya usalama ya Uingereza. Serikali ilikimbilia mahakamani kukizuia, na kesi hiyo ikazidi kukiuza. Lakini chanzo si Wright. Yeye mwenyewe aliandika kwamba habari ilitoka kwa James Angleton, mkuu wa kitengo cha CIA cha kupambana na majasusi. Angleton alidai ana mtu aliyempa siri kuhusu Wilson, ila alikataa kumtaja.

Nyuma zaidi tunamkuta Anatoliy Golitsyn, ofisa wa KGB aliyejisalimisha kwa Wamarekani mjini Helsinki mnamo Desemba 1961. Angleton alimwamini mno. Golitsyn alisema kwamba kabla ya kutoroka alisikia KGB ikipanga kumuua kiongozi wa upinzani katika nchi ya Ulaya. Jina hakulisikia. Kisha Januari 1963 kiongozi wa chama cha Labour, Hugh Gaitskell, akafariki, na mwezi uliofuata Wilson akashika nafasi yake. Hapo mambo yakaunganishwa: Gaitskell amepewa sumu, Wilson amefaidika, basi Wilson ni mtu wao.

Tuupime mnyororo huu. Gaitskell alikufa kwa maradhi yanayoitwa lupasi. Golitsyn alikuwa ameshaondoka KGB zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kifo hicho. Na Wilson alichaguliwa na wabunge wa chama chake, kwa kura 144 dhidi ya 103 za George Brown. KGB haikuwa na njia ya kujua kwamba Gaitskell akifa atakayeshinda ni Wilson.

Kwa nini basi uvumi ulidumu? Kwa sababu ulichanganywa na ukweli kidogo. Wilson alikwenda Moscow mwaka 1947 akiwa serikalini kutafuta biashara, na baadaye akarudi mara kadhaa kwa niaba ya kampuni ya mbao. MI5 ilikuwa na faili lake tangu alipoingia bungeni 1945. Watu wakisikia faili hudhani hatia imo ndani. Mwanahistoria Christopher Andrew alipewa ruhusa ya kusoma nyaraka za MI5, na katika kitabu chake cha 2009 hakuna ushahidi kwamba Wilson alikuwa jasusi.

Ushahidi wa upande wa pili una uzito zaidi. Vasili Mitrokhin, mtunza nyaraka wa KGB, alihamia Uingereza mwaka 1992 na madaftari aliyonakili kwa siri. Humo imo habari kwamba mwaka 1956 KGB ilimfungulia Wilson faili ikitumaini kumnasa, na mpango haukuzaa matunda. Wenye kusemwa kuwa mabwana zake waliandika wenyewe kwamba hawakumpata.

Hata hivyo uvumi ulidhuru. Wilson alifikia kuamini kwamba watu wa usalama wa nchi yake wanamhujumu, na kujiuzulu kwake ghafla Machi 1976 kukatiliwa shaka hadi leo.

Ndiyo maana nikipokea ujumbe kwamba mheshimiwa fulani ni jasusi, huuliza mambo matatu: nani alisema kwanza, alijuaje, na hawa wengine walijua wenyewe au wamesikia kwake? Wright, Angleton na Golitsyn walihesabiwa mashahidi watatu. Ukifuata kila mmoja alikolitoa neno lake, unaishia kwa mtu mmoja aliyesikia mpango usio na jina.