Jiwe, Lango na Mteremko: Mchezo wa Rock of Ages na Historia ya Ngome za Tanzania ya Kati

Mnamo mwaka 2011 studio ndogo ya ACE Team, yenye makao yake Santiago nchini Chile, ilitoa mchezo wa video uitwao Rock of Ages, uliochapishwa na kampuni ya Atlus. Kwa mtazamo wa kwanza ni mchezo wa mzaha mtupu. Mchezaji hukabidhiwa lango la kulinda na jiwe kubwa la mviringo la kushambulia. Kwa muda fulani yeye ni mjenzi: hupanga minara, mitambo ya kurushia mawe, vinu vya upepo, hata ng'ombe na tembo, katika njia litakamopita jiwe la adui. Mafundi wake wakishamaliza kuchonga jiwe lake, kazi hubadilika. Sasa yeye ndiye jiwe. Huviringika mteremkoni, huruka vizuizi, hubomoa alivyojenga mpinzani na kujigonga kwenye lango lake. Jiwe lililofika likiwa zima na lenye kasi hulitikisa lango. Lililokwisha kumegwamegwa njiani huligusa tu. Lango likivunjika baada ya mapigo kadhaa, jiwe huingia ndani na kumponda mwenye ngome, kikaragosi kidogo kinachokimbia huku na huko kikipiga mayowe.

Makala haya yanaushughulikia mchezo huo kama andiko lenye hoja ya kihistoria, liwe lilikusudia au halikukusudia kuwa nayo. Hoja yenyewe ni kwamba vita vya ngome ni shindano la watu walio sawa. Pande zote mbili zina jiwe la aina moja, zinachuma fedha kwa njia moja (kuharibu mali ya mwenzake) na zinateremka mteremko ule ule. Anayeshindwa ameshindwa kwa sababu alijenga vibaya au aliviringisha vibaya. Linalodaiwa hapa ni kwamba nadharia hiyo inaeleza vizuri kiasi cha kushangaza vita vya Unyamwezi vya mwanzoni mwa miaka ya 1870, na inapotosha kabisa inapopelekwa miaka ishirini mbele.

Eneo la Shelui, wilayani Iramba katika mkoa wa Singida, limechaguliwa kuwa mahali pa kusimamia hoja hii kwa sababu za kijiografia. Shelui iko chini ya ukingo wa Sekenke, pale nyanda za juu za Iramba zinapokatika ghafla na kushuka kuelekea mbuga ya Wembere. Juu ni nchi ya Wanyiramba. Ng'ambo ya mbuga, upande wa magharibi, inaanza nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma. Barabara kuu ya Singida hadi Nzega inapita hapo, na madereva wa malori wanaujua Mlima Sekenke kwa sifa yake mbaya ya ajali. Mtu aliyewahi kutazama lori lenye shehena likiteremka hapo kwa gia ndogo hahitaji maelezo marefu kuhusu kanuni kuu ya Rock of Ages: uzito ukishapata mteremko, anayeuongoza huwa na muda mfupi tu wa kuamua, na kilichopo chini hakina pa kukimbilia.

Inafaa kwanza kuuweka mchezo katika ukoo wake. Michezo ya kulinda minara haikuanza mwaka 2011. Mara nyingi hutajwa Rampart, mchezo wa Atari Games wa mwaka 1990, ambamo mchezaji alijenga kuta kuzunguka ngome, akapiga mizinga, kisha akarudi kuziba mabomoko. Baada ya Warcraft III kutoka mwaka 2002, wachezaji wenyewe walitengeneza ramani ambamo maadui walikuja kwa mawimbi kupitia njia moja inayojulikana, na kazi ikawa kupanga minara kandokando yake. Desktop Tower Defense ya mwaka 2007 na Plants vs. Zombies ya mwaka 2009 ziliupeleka mtindo huo kwa watu wengi mno. Katika michezo hiyo mlinzi ni jicho lililo juu angani. Hana mwili na haumii. Mwaka 2011 ulileta mabadiliko kwa mkupuo: Orcs Must Die!, Sanctum na Dungeon Defenders zilimshusha mchezaji katikati ya mitego yake mwenyewe. Rock of Ages ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa haikumfanya mlinzi kuwa askari tu, bali ilimfanya kuwa mshambuliaji pia. Mikono inayojenga ukuta ndiyo inayovunja ukuta wa jirani.

Hapo ndipo historia ya Unyamwezi inapoingia. Makazi ya sehemu kubwa ya Tanzania ya kati katika karne ya 19 yalikuwa tembe: nyumba ndefu zenye paa bapa la udongo, zilizopangwa kuzunguka ua ambamo mifugo ililala. Kwa Wanyiramba, kama kwa majirani zao Wagogo na Wanyaturu, tembe ilikuwa nyumba, zizi na ulinzi kwa wakati mmoja. Unyamwezini, hasa baada ya bunduki za gumegume kuenea kwa njia ya biashara ya pembe za ndovu, makazi ya watawala yalizungushiwa maboma ya magogo na kuta za udongo zenye matundu ya kupigia risasi. Ngome hizo hazikuwa dalili ya woga. Zilikuwa ghala: ndani yake kulikuwa na pembe, nguo, shanga, baruti na watu, yaani mtaji wa kampeni iliyofuata. Mtawala aliyetumia baruti nyingi kushambulia alibaki na chache za kulinda. Aliyejifungia ndani alipoteza njia za misafara, na pamoja nazo ushuru uliomnunulia baruti. Mchezaji wa Rock of Ages anayemaliza fedha zake zote katika minara na kuliacha jiwe lake bila kuimarishwa anakutana na tatizo lile lile.

Vita vya Mirambo wa Urambo dhidi ya Waarabu wa Tabora na washirika wao wa Unyanyembe, vilivyoanza mwaka 1871, vilikuwa vita vya aina hiyo. Pande zote zilikuwa na bunduki za aina moja, maboma ya aina moja na hata wapiganaji wa aina moja, kwa kuwa rugaruga waliweza kuajiriwa na yeyote. Henry Morton Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu katika kampeni ya Agosti mwaka huo na akaacha maelezo yake. Waarabu waliteka Zimbizo. Kisha kikosi chini ya Soud, kijana wa Said bin Majid, kikaenda Ulyankulu, mahali ambapo Stanley aliandika kwa tahajia ya Wilyankuru, na kikaingia ndani ya boma. Kwa kanuni za mchezo, lango lilikuwa limevunjika na pambano lilikuwa limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mirambo alikuwa ametoka pamoja na watu wake na kujificha katika majani marefu kando ya njia ya kurudia. Washindi waliporejea wakiwa wamelemewa na pembe na mateka waliowapata, walivamiwa, na Soud aliuawa pamoja na Waarabu aliokuwa nao. Kabla mwezi huo haujaisha Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe, Khamis bin Abdullah akauawa na sehemu ya mji ikateketea. Stanley, huko Kwihara, alitoboa matundu katika kuta za tembe yake na kungoja shambulio ambalo halikumfikia. Mwezi uliofuata aliamua kuzunguka kwa njia ya kusini ili kuvikwepa vita hivyo.

Tukio la Ulyankulu linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida, ambapo hutajwa kama mfano wa ujanja wa Mirambo na kuachwa hapo. Linaonyesha kwamba boma halikuwa kitu cha kulindwa hadi mwisho. Lilikuwa chambo. Mali iliyokuwa ndani iliwafanya washambuliaji wawe wazito na wa polepole, na uzito huo ndio uliowaua. Katika Rock of Ages jambo hili haliwezekani: mwenye ngome hawezi kutoka nje, na jiwe likishafika langoni halina safari ya kurudi. Mtindo mzima wa michezo ya kulinda minara unategemea dhana kwamba adui huja na kwenda upande mmoja tu. Mirambo alifahamu kwamba njia ina pande mbili.

Hata hivyo, usawa wa mchezo na usawa wa vita hivyo vinaendana. Hakuna upande uliokuwa na silaha ambayo upande mwingine haungeweza kuipata sokoni. Ndiyo maana vita viliendelea kwa miaka kadhaa bila mshindi wa wazi, na hatimaye vikaishia katika mapatano na biashara. Mirambo alifariki mwezi Desemba 1884, mwaka ule ule ambao Mkutano wa Berlin ulianza.

Miaka minane baadaye hali haikuwa tena hiyo. Isike, mtawala wa Unyanyembe, alikuwa na ngome imara karibu na Tabora, na mwaka 1892 iliyahimili mashambulio ya Wajerumani. Mwezi Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kiliingia ndani. Isike alirudi hadi kwenye ghala la baruti na kulilipua. Ukitazama ramani peke yake, hili linafanana na mwisho wa mchezo: lango limebomoka, mwenye ngome yumo ndani na hana pa kwenda. Lakini katika mchezo mpinzani naye ana lango ambalo jiwe lako lingeweza kulifikia. Lango la upande wa pili wa vita vya Isike lilikuwa wapi? Lilikuwa Dar es Salaam, na nyuma ya Dar es Salaam lilikuwa Berlin. Isike hakuwa na mteremko wowote wa kumfikisha huko. Hata kama angelikiangamiza kikosi cha von Prince hadi askari wa mwisho, kingine kingekuja.

Uthibitisho wa dai hili uko Uhehe, ambako kikosi kiliangamizwa kweli. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski na kumuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Kwa kipimo cha Rock of Ages, hilo ni jiwe la adui lililovunjwa vipande njiani kabla ya kuligusa lango. Mwezi Oktoba 1894 jeshi jipya la Gavana von Schele lilifika Kalenga likiwa na mizinga, na tarehe 30 ukuta wa mawe wa ngome hiyo ukatekwa. Jiwe la Wajerumani lilichongwa upya katika karakana ambayo Mkwawa hakuweza kuiona, sembuse kuigusa.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mchezo unaowapa wapinzani uwezo sawa unambebesha aliyeshindwa lawama yote: alipanga minara vibaya, alichelewa, hakujua kuviringisha. Masimulizi ya kikoloni kuhusu ngome za Tanganyika yalifanya jambo hilo hilo kwa uzito wa kitaaluma, yakieleza kuanguka kwa Kalenga na Tabora kwa kiburi cha watawala au kwa kukosa kwao maarifa ya kivita. Vitabu vya shule vya baada ya uhuru vilirekebisha kwa kusema kwamba silaha za Waafrika zilikuwa duni, na marekebisho hayo ni ya kweli, ila ni nusu tu. Bunduki bora zilitekwa Lugalo. Ambacho hakikuweza kutekwa ni karakana, meli na bajeti. Kicheko kinachomtoka mchezaji jiwe linapomponda mfalme mdogo kinawezekana kwa sababu mfalme huyo angeweza, dakika moja iliyopita, kumponda yeye. Kikiondolewa kitu hicho kimoja, kinachobaki hakichekeshi.

Rock of Ages yenyewe haidai kuzungumzia Afrika. Safari yake inaanza Ugiriki ya kale, inapita zama za kati na Renaisansi, na kuishia katika enzi ya Goya. Sisifo, aliyehukumiwa kulisukuma jiwe milele, ndiye anayeufungua mchezo kwa kuligeuza jiwe lake kuwa silaha ya kutorokea. Miendelezo yake ya mwaka 2017 na 2020 iliongeza viwanja na watawala, kanuni ya usawa ikabaki. Si kosa kwa mchezo kutohusu Iramba. Ila mbunifu yeyote wa Afrika Mashariki atakayeuchukua mtindo huu kusimulia vita vya hapa atalazimika kuchagua mapema: ama aandike juu ya mwaka 1871, na kanuni zilizopo zitamtosha akiongeza tu njia ya kurudi, ama aandike juu ya mwaka 1893, na itambidi ampe mchezaji lango la kulinda bila kumpa lango la kushambulia.

Huko Iramba kwenyewe Wajerumani walijenga boma lao Mkalama, lenye kuta nene na lililoinuka juu ya tembe zilizolizunguka. Chini, katika ukingo wa Sekenke, dhahabu ilianza kuchimbwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916, wakati Wajerumani nao walipokuwa wamezingirwa na bahari imefungwa na manowari za Waingereza, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, ikafuliwa katika karakana ya reli kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Mwezi Septemba mwaka huo Tabora ilitekwa na majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo.