Sauti ya Chini

Kisawasawa ni kijiji cha bonde la Kilombero, kando ya barabara itokayo Kidatu kuelekea Ifakara. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa pili bonde limejitandaza kwa mpunga na miwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, hupita bondeni humo. Penye miwa na reli pana mishahara, na penye mishahara dansi halikosi njia. Tena makao makuu ya mkoa ni Morogoro, mji uliolea Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyofika hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970.

Lakini bonde ni mbali na mji, na aghalabu muziki huo uliwafikia watu kwa redio ya betri. Redio ndogo ina ila yake: kipaza sauti kilicho sawa na kisahani cha kikombe hakiwezi kuibeba sauti nzito. Solo ya Mbaraka ilifika nzima, ikimeta; besi iliyoichukua solo hiyo mgongoni ilifika kama mnong'ono, au haikufika kabisa. Ilihitaji bendi yenyewe ipande ukumbini ndipo msikilizaji aihisi besi kifuani na nyayoni, na atambue kwamba siku zote alikuwa akisikia wimbo uliokatwa miguu.

Ila ya pili haikuwa ya mtambo. Mtangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam alitaja bendi, akataja wimbo, pengine na mtunzi au mwimbaji. Mpiga besi hakutajwa. Huko Detroit na Los Angeles makampuni ya santuri yaliwaajiri wapigaji wa studio, na mtu mmoja akapiga besi katika nyimbo za waimbaji kumi tofauti. Tanzania haikuwa na desturi hiyo, kwani mpiga besi alikuwa mtu wa bendi, na mara nyingine mwajiriwa kamili, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Hata hivyo kazi ilikuwa ile ile. Ndani ya bendi moja walikuwamo watunzi wengi, kila mmoja na mtindo wake, na besi moja ikawatumikia wote. Leo wimbo ukipigwa, watu husema huu ni wa fulani, nao ule ni wa fulani. Kilichozifanya zote mbili zitambulike kuwa za bendi moja ni vidole vya mtu asiyetajwa.

Wapenzi wa ushairi wataifahamu hali hii bila tabu. Hakuna asifiaye shairi kwa mizani yake. Husifiwa vina, husifiwa maana. Lakini mizani ikipungua moja tu, hata mtoto hugeuza shingo.

Visiwani sauti hiyo ya chini ina ukoo mkongwe kuliko gitaa la umeme. Katika kidumbaki cha Unguja hupigwa sanduku: sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo, na uzi mmoja unaovutwa na kulegezwa ili sauti ipande na kushuka. Fidla huimba juu, sanduku hukokota chini, na wachezaji hulifuata sanduku. Ni kosa kudhani kwamba besi ni mgeni aliyeletwa na rumba ya Kuba na Kongo. Rumba ilileta gitaa lake, sikio lilikuwapo.

Pengine ndiyo maana wimbo uliomtoa mpiga besi gizani ulipigwa na watu wa upande huu, ingawa ulitolewa Nairobi. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, walihamia Kenya na kuiongoza Simba Wanyika. Mwaka 1978 kundi la wanamuziki wao likajitenga na kuunda Les Wanyika, wakiwamo Omar Shabani wa gitaa la rithimu na Tom Malanga wa besi. Hawakukawia kutoa "Sina Makosa", wimbo ambao Afrika Mashariki haijachoka kuucheza hadi leo.

Katika wimbo huo besi haijifichi. Malanga hakuijaza kila nafasi. Hupiga vifungu vifupi vinavyoimbika, kisha hunyamaza, na kimya chake kina uzito wa kituo mwishoni mwa ubeti. Rithimu ya Shabani hupita katika nafasi aliyoiacha, kavu na yenye kurudiarudia, na sauti za waimbaji hukaa juu ya yote bila kusukumwa. Mwondoe Malanga, na malalamiko ya wimbo ule yatabaki maneno matupu. Ni nadra watu kuimba besi kwa midomo yao, hii huimbwa. Wapigaji wengi waliofuata, katika mabendi ya Kenya na ya Tanzania, walijifunza kwake kwamba kuacha nako ni kupiga.

Huko Marekani mwenzake alikuwa James Jamerson, mzaliwa wa kisiwa cha Edisto, Carolina ya Kusini. Alipiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown, na jina lake halikuandikwa juu ya santuri hadi 1971, Marvin Gaye alipotoa "What's Going On". Mwaka 1983 Motown ilipoadhimisha miaka 25, Jamerson aliingia kwa tiketi ya kununua na kuketi miongoni mwa watazamaji. Mwaka huo huo akafariki.

Msondo Ngoma, mrithi wa NUTA Jazz, walikuwa na mpiga besi aitwaye Suleiman Mwanyiro, ambaye mashabiki walimbandika jina la "Computer" kwa usahihi wa vidole vyake. Jina hilo lilikuwa sifa. Siku hizi, harusini Kisawasawa kama harusini Unguja, besi hutoka kwenye kompyuta kwelikweli, imepangwa na prodyuza kwa kibodi, na spika ni kubwa kiasi cha kutikisa mabati. Sauti ya chini sasa inafika nzima. Hakuna anayeuliza nani ameipiga.