Chuma Mgeni, Mpini Mwenyeji

Atokaye Fort Jesus mjini Mombasa akaishika Ndia Kuu haendi mbali kabla hajakutana na maduka ya vitu vya kale. Kati ya mabirika ya shaba na masanduku ya njumu hujificha mara nyingine kichwa cha shoka au cha tezo: kutu imekula mashavu, tundu li wazi, mpini haupo. Mnunuzi hulipa, akaondoka akidhani amenunua shoka. Amenunua nusu yake.

Mtaa wenyewe unajieleza kwa lahaja ya wenyeji. Ndia ni njia kwa Kimvita, na hii ndiyo iliyokuwa kuu ya mji, ingawa kadi za posta za mwanzo wa karne ya 20 ziliiita Vasco da Gama Street. Jina la mgeni lilipita, la mwenyeji likabaki. Historia ya shoka katika pwani hii imekwenda vivyo hivyo: chuma kimekuja na kila msimu na kila utawala, lakini mpini umekatwa hapa hapa.

Ushahidi wa mapema ni wa yapata miaka 2,000. Periplo ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK, unataja bidhaa zilizoletwa Azania, yaani pwani yetu. Kulikuwa na mikuki iliyofuliwa Muza katika Yemen ya leo, mashoka madogo, visu, vyuma vya kutobolea na vitu vya kioo. Vyombo vilirudi na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Shoka, basi, ni miongoni mwa bidhaa za kwanza za kigeni kuandikwa kuwa zilishushwa katika fukwe hizi.

Hebu tufikiri kifundi. Vyombo vya Uarabuni vilikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, safari moja kwa mwaka. Mpini wa shoka hauna subira hiyo. Hupasuka, huliwa na mchwa, huchomoka kazini. Hakuna mkata miti ambaye angekaa kitako miezi kumi akingoja jahazi limletee kijiti. Hata kama shoka lilishuka likiwa na mpini wake, wa pili ulikuwa wa mti wa hapa, na wa tatu, na wa kumi.

Si kwamba chuma chote kilitoka ng'ambo. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliwataja watu wa Mombasa kuwa wachimbaji wa chuma. Huko Galu, pwani ya kusini, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya uyeyushaji wa chuma, na Chapurukha Kusimba ameandika kwa kirefu juu ya wahunzi wa kale wa Waswahili. Kinachofukuliwa ni tanuri, mavi ya chuma na vipande vya zana. Mipini haifukuliwi, kwa sababu mchwa na unyevu walifika kabla ya wanaakiolojia. Ndiyo maana tunaijua historia ya mhunzi kuliko ya mchonga mipini, na mtu huweza kudhani kwamba kazi ya pili haikuwa ufundi.

Ilikuwa ufundi, tena wa aina mbili. Ya kwanza ni ya msuka. Katika mashoka ya kienyeji ya Afrika Mashariki, chuma huishia kwa mkia mwembamba uitwao msuka, nao hupenyezwa katika kifundo cha mpini, pale ambapo mti ni mnene kama rungu. Tundu hutobolewa kwa chuma chenye moto. Kila pigo hukaza badala ya kulegeza, kwa kuwa mti unaokatwa husukuma msuka ndani zaidi. Katika baadhi ya zana hizi fundi huweza kukichomoa chuma, akakigeuza robo mzunguko na kukirudisha: aliyekuwa na shoka sasa ana tezo.

Tezo ndiyo iliyoijenga pwani. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, haukuwa na msumari hata mmoja, ila mbao zake zilichongwa kwa zana za chuma zenye mipini ya miti. Chombo kisichokuwa na chuma mwilini kilizaliwa na chuma.

Aina ya pili ni ya tundu. Hapa chuma ndicho chenye tundu na mpini ndio unaoingia, kisha hukazwa kwa kabari. Mashoka haya yalizidi kuenea Mombasa baada ya ujenzi wa reli kuanza mwaka 1896. Pamoja na mataruma na misumari zilikuja zana za viwanda vya Uingereza, na pamoja na zana walikuja mafundi seremala na wahunzi kutoka Bara Hindi. Roshani za mbao zinazoning'inia juu ya Ndia Kuu hadi leo zina mkono wa mafundi wa Kachchh na Gujarat, waliofanya kazi bega kwa bega na wachongaji wa Kiswahili.

Shoka la kiwandani lilikuja na mpini wa mti wa baridi, kama ash wa Uingereza au hickory wa Marekani. Miti hiyo haioti kwetu. Mpini huo ulipovunjika, fundi alilazimika kutafuta mbadala, na pwani haikumnyima. Mkwaju ni mgumu, na mti wake umetumika tangu zamani kwa vinu, michi na mipini. Mkole ni mwepesi kiasi na hunyumbuka bila kukatika. Mpera una nyuzi za karibu karibu na hulainika kama mfupa. Mbambakofi na msaji, fahari ya milango, hubaki kwenye milango, maana mti mzuri kwa nakshi si lazima uwe mzuri kwa kishindo.

Anayerudishia shoka la zamani mpini huanza na kisiki kilichobaki tunduni. Njia ya mkato ni kukitupa kichwa motoni hadi mti uungue, na ndiyo njia ya kuliua shoka, kwani moto huondoa ugumu ambao mhunzi aliupa makali. Fundi mwangalifu hutoboa kisiki kwa keekee, kisha hukigonga kitoke. Kipande kipya hupasuliwa badala ya kukatwa kwa msumeno, ili nyuzi zifuate urefu wote, na hukaushwa kivulini. Mpini wa mti mbichi hukaza leo na kulegea baada ya mwezi. Akitazama ncha ya mpini, nyuzi zinapaswa kulala sambamba na makali, la sivyo utapasuka kwa pigo la kwanza zito. Huchongwa kidogo kidogo, hujaribiwa tunduni, huchongwa tena, halafu huja kabari. Zamani kazi ya kulainisha ilikuwa ya majani ya msasa, yaliyoipa karatasi ya leo jina lake.

Wengi hukwepa kazi hiyo. Hujaza tundu kwa vipande vya mpira wa tairi, hupigilia msumari, au hulaza shoka ndani ya ndoo ya maji usiku kucha ili mti uvimbe. Asubuhi limekaza. Jua likishapanda linacheza tena, na shoka linalocheza ni hatari kwa kila aliye mbele yake.

Mpini pia una mipaka yake ya kimaadili. Makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, yamehifadhiwa kwa karne kadhaa na wazee waliokataza kuikata ovyo. Upande wa bahari, Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti za mikoko ng'ambo mwaka 1982. Shoka lilipewa mipaka kwa sababu watu walijua uwezo wake, na aliyetafuta mpini alijua msitu upi una ruhusa na upi una mwiko.

Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda majengo na vitu vya kale nchini. Mlango wa nakshi hauhamishwi ovyo siku hizi. Fremu iliyoliwa na mchwa inapobadilishwa, hakuna anayesema mlango umekufa. Zana zilizochonga mlango huo hazijapata heshima hiyo. Huuzwa kwa uzito wa kutu, na anayezirudishia mpini huonekana amekarabati kitu duni. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Kuna jambo moja ambalo mwenye duka, mtunza makavazi na fundi wanaweza kulifanya bila gharama. Ndani ya matundu ya mashoka mengi ya zamani hubaki vipande vya mti, vimeshikwa na kutu. Kwa hadubini, nyuzi zake husema ulikuwa mkwaju, mpera au mti wa ng'ambo, na kwa hiyo husema shoka lilitoka bandarini tu au lilikwisha kupata mwenyeji. Kabla ya kusafisha tundu, kihifadhiwe kipande hicho katika bahasha, kiandikwe kilikotoka. Kisha mpini mpya utiwe, shoka lirudi kazini.