Kitawala na Matarajio ya Ufalme: Masisi, 1944

Neno Kitawala, lililotokana na jina la chama cha Watch Tower cha Marekani, lilifanana masikioni mwa wasemaji wa Kiswahili wa Kongo na kitenzi kutawala. Ufanani huo wa sauti ulizaa maana. Mwaka 1944, huko Masisi, magharibi ya Goma, Bushiri Lungundu aliwaongoza wafuasi walioamini kuwa unabii wa Maandiko unakaribia kutimia: Ufalme wa Mungu utakuja, na utawala wa Wabelgiji utakoma. Kwa watu waliochoshwa na kazi za shuruti za wakati wa vita, marejeo ya Yesu yalikuwa habari ya dunia hii. Serikali ya kikoloni iliuzima uasi huo kwa silaha. Lakini swali lililofichika katika jina lenyewe, yaani nani mwenye haki ya kutawala, lilibakia hadi uhuru wa 1960.