Kutoka River Road hadi Berlin: safari ya lebo ndogo za Nairobi

Mwaka 2025 lebo ndogo ya Uingereza iitwayo Disciples ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Joseph Kamaru, mwimbaji wa Murang'a aliyefariki Oktoba 2018. Mkusanyo huo, Heavy Combination 1966–2007, una nyimbo za miongo minne, na nyuma ya kazi hiyo yuko mjukuu wake. Mjukuu naye anaitwa Joseph Kamaru, kwa desturi ya Wakikuyu ya kumpa mtoto jina la babu yake. Jukwaani amezitoa herufi mbili akabaki KMRU, naye ni miongoni mwa wasanii wa Kenya wanaojulikana zaidi duniani katika muziki wa majaribio.

Utoto wake wa mapema KMRU aliupitisha Kariokor, mtaa wa Eastlands ambao wengi huujua kwa nyama choma, vyondo na viatu vya akala vinavyoshonwa sokoni. Kutoka soko hilo hadi River Road, mtaa wa maduka ambako babu yake alifanya biashara ya santuri, ni mwendo mfupi kwa miguu. Kati ya duka la babu na kompyuta ya mjukuu imepita historia nzima ya lebo ndogo za muziki Nairobi: jinsi zilivyozaliwa, zilivyokufa, na sababu ya kurudi kwazo sasa zikiwa na muziki ambao River Road isingethubutu kuuza.

Enzi za kampuni za wageni

Kwa muda mrefu mwanamuziki wa Afrika Mashariki hakuwa na sauti juu ya santuri yake mwenyewe. Siti binti Saad wa Zanzibar alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na HMV, kwa kuwa huku kwetu hapakuwa na studio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia studio na maduka ya kurekodi yalianza kufunguliwa Nairobi na Mombasa, lakini wenye mali walikuwa Wazungu na Wahindi. Mombasa kulikuwa na Assanand & Sons na lebo yao ya Mzuri. Nairobi, Charles Worrod aliendesha Equator, iliyowakusanya Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na wenzao waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, Nashil Pichen na Peter Tsotsi.

Muziki uliotoka humo ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, iliuchukua wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ikautoa upya. Hata hivyo mwimbaji alibaki kuwa mwajiriwa au mteja. Aliyechagua wimbo upi utoke, lini utoke na nakala ngapi zitengenezwe alikuwa mwenye studio.

Mambo yalianza kubadilika katikati ya miaka ya 1960, mara tu baada ya Uhuru. David Amunga, mwimbaji kutoka Magharibi mwa Kenya, alifungua Mwangaza Music Store na kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini kumiliki lebo. Wengine walimfuata. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge, alijenga biashara ya benga iliyovuka mipaka hadi Zimbabwe. Huko santuri zake zilipendwa mpaka mitindo miwili ya muziki ikaitwa kanindo, kwa jina lake, na sungura, kwa jina la mojawapo ya lebo zake. Joseph Kamaru naye, aliyefika Nairobi mwaka 1957 na kuanza kurekodi katikati ya miaka ya 1960, akafungua duka na lebo yake, City Sounds.

Duka, studio na kiwanda

Biashara hiyo haikuhitaji ofisi ya ghorofa. Mwenye lebo alilipia saa za studio, akachukua utepe mkuu, akaupeleka kwenye kiwanda cha kufyatua santuri, akaagiza nakala anazoweza kulipia. Jina la lebo lilikuwa karatasi ya duara katikati ya sahani, na mtu mmoja aliweza kuwa na lebo kadhaa za majina tofauti. Mzigo ulipotoka kiwandani, sehemu ilibaki dukani na nyingine ikapakiwa kwenye mabasi kwenda Nyeri, Kisumu au Machakos. Spika mlangoni ilifanya kazi ya tangazo. Wimbo ukinunuliwa, aliagiza tena. Ukilala, hasara ilikuwa yake.

Uamuzi kuwa wa mtu mmoja ulikuwa na faida kubwa. Mwenye lebo ambaye pia ni mtunzi hakuhitaji kumwomba meneja ruhusa ya kusema jambo gumu. Mwaka 1969 Kamaru alitoa Ndari ya Mwalimu, wimbo kuhusu mwalimu anayemtaka mwanafunzi wake kimapenzi. Walimu walikasirika hadi chama chao kikatishia mgomo. Mwaka 1975, baada ya mbunge J.M. Kariuki kuuawa, aliimba kudai haki wakati wengi walikuwa wakinong'ona tu. Ni vigumu kuona meneja wa tawi la kampuni ya kigeni, mwenye leseni ya kulinda, akiweka sahihi yake chini ya nyimbo kama hizo.

Roki iliyokosa nafasi

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo lebo za River Road hazikulifanya. Wakati huohuo Nairobi ilikuwa na vijana waliopiga roki, soul na funk, wakichanganya gitaa la umeme na midundo ya nyumbani. Slim Ali na Hodi Boys walikuwa wakijaza kumbi. Matata walihamia Uingereza, na albamu zao zikatolewa na President, lebo huru ya London. Black Savage, bendi iliyokuwa na kijana Job Seda, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ayub Ogada, walirekodi albamu yao Something for Someone kwa EMI mwaka 1976. Wote hao walipita mkononi mwa kampuni za ng'ambo. Kwa nini wenye maduka ya River Road hawakuwachukua?

Jibu limo katika sahani yenyewe. Biashara ya River Road ilisimama juu ya santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye dakika chache kila upande. Wanamuziki wa rumba na benga waliigeuza hali hiyo kuwa ufundi: upande wa kwanza ulibeba maneno, wa pili ukaachiwa magitaa yakimbie. Mnunuzi wa mshahara mdogo aliimudu. Roki ya majaribio, ile Waingereza waliyoiita progresivu, ilitaka kinyume chake. Ilitaka nyimbo ndefu zinazobadili mwendo mara kadhaa, studio kwa siku nyingi, na sahani kubwa ya LP ambayo bei yake ilimshinda mlalahoi.

Uingereza kulikuwa na soko la LP, na lebo changa ingeweza kupata utajiri humo. Virgin ilianza Mei 1973 kwa Tubular Bells ya Mike Oldfield, kipande kimoja kilichojaza pande zote mbili za sahani, na mauzo yake yakaijenga kampuni nzima. Miaka kumi baadaye Virgin hiyohiyo ilikuwa ikitoa Kaivaska, albamu ya Orchestra Super Mazembe wa Nairobi. Pesa zilizoanza na roki ya majaribio ya Mwingereza zikaja kutangaza rumba ya Nairobi. Roki ya Nairobi yenyewe haikupata mtu wa namna hiyo nyumbani. EMI iliitazama kama bidhaa ya pembeni, na mwenye duka alijua kwamba mteja aliyetoka Gikomba na shilingi zake hakuja kutafuta LP ya Kiingereza.

Kanda zaua santuri

Miaka ya 1980 kanda za kaseti zilienea. Zilikuwa rahisi, zilipigwa kwenye matatu, na mtu yeyote mwenye mashine mbili aliweza kuzinakili. Kwa msikilizaji ilikuwa neema. Mwaka 1990, baada ya askari wa jiji kubomoa makazi ya Muoroto karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, kanda za nyimbo za malalamiko zilisambaa mitaani kwa kasi kuliko gazeti lolote. Serikali ilitia mbaroni wauzaji na kuzinyakua kanda.

Kwa mwenye lebo kanda zilikuwa msiba. Kiwanda cha santuri kilikuwa mlango mmoja: asiyelipa hakupata sahani. Kanda haikuwa na mlango. Wimbo ulitoka Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha nakala za maharamia zilikuwa zikiuzwa nusu bei hatua chache kutoka duka lililoulipia. Kufikia miaka ya 1990 santuri zilikuwa zimepotea madukani, na maduka mengi yakageukia simu, nguo na vifaa vya umeme. Kamaru mwenyewe aliokoka mwaka 1993 akaacha nyimbo za kidunia.

Hapo ndipo udhaifu wa lebo ndogo ulipoonekana. Kilichokuwa nguvu yake, kuwa mali ya mtu mmoja, kiligeuka hatari. Mwenye duka alipofariki au kufilisika, tepu kuu, mikataba na orodha za wapigaji vilikwenda naye. Hakuna aliyerithi daftari. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya muziki huo leo inatolewa upya Ulaya. Soundway ya London ilitoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka 2013 na wa pili mwaka 2016, na Afro7 ya Norway imerudisha sokoni roki na funk za Afrika Mashariki. Humu nchini Ketebul Music ya Tabu Osusa, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefanya kazi ya kuwatafuta wazee na kuandika historia zao, kwanza za benga, kisha muziki wa Kikuyu na funk ya miaka ya 1970.

Kompyuta yafungua mlango

Mwanzoni mwa karne hii Eastlands iliamka tena. Katika mtaa wa California, si mbali na Kariokor, Clemo na Jua Cali waliijenga Calif Records, lebo iliyoipa Kenya genge, muziki wa Sheng' uliotengenezwa kwa vifaa vichache chumbani. Waliurudisha mtindo wa River Road: msanii na mwenye lebo wako mtaa mmoja, wanajuana, wanaamua pamoja.

Hatua iliyofuata iliondoa hata haja ya soko la karibu. Mwaka 2016 Nyege Nyege Tapes ilianzishwa Kampala kutoa muziki ambao redio za Afrika Mashariki haziugusi. Mwaka 2020 ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochanganya metali kali na mashine za elektroniki. Mmoja wao, Lord Spikeheart, ameanzisha lebo yake, HAEKALU, na mwaka 2024 akatoa The Adept. Roki nzito na ya majaribio iliyoshindwa kupata tajiri River Road mwaka 1976 sasa ina lebo ya Mkenya mwenyewe.

KMRU naye alipita njia hiyo. Albamu yake Peel ilitolewa mwaka 2020 na Editions Mego ya Vienna. Haina gitaa wala mashairi. Ni sauti alizozinasa mwenyewe, zikafumwa taratibu kwa dakika nyingi. Baadaye alihamia Berlin kusoma masuala ya sauti, na mwaka 2023 akaanzisha lebo yake, OFNOT, kwa albamu ya Dissolution Grip. Wakati huohuo alikuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake mtandaoni, ambako msikilizaji hununua moja kwa moja na sehemu kubwa ya pesa humfikia mwenye kazi.

Babu alihitaji studio, kiwanda, basi na duka. Mjukuu anahitaji kompyuta na wasikilizaji waliotawanyika katika miji mingi. Wasikilizaji wachache katika kila mji wakijumlishwa wanatosha kumlisha msanii ambaye mtaa mmoja pekee usingemlisha. Hilo ndilo muziki wa majaribio wa Nairobi ulilokosa miaka ya 1970, kwa kuwa vipaji havikupungua hata siku moja.

Lakini usalama bado haujapatikana. Peter Rehberg, aliyeiendesha Editions Mego, alifariki ghafla mwaka 2021, na mashabiki wakakumbushwa kwamba hata Ulaya lebo ndogo ni mtu. Jukwaa la mtandaoni likifungwa au nywila ikipotea, albamu hutoweka kwa urahisi kuliko santuri iliyosahaulika chini ya kitanda. Nyimbo za Mzee Kamaru zimesalia kwa sababu alikuwa na mjukuu anayejali. Wenzake wengi wa River Road hawakubahatika hivyo.

Kwa hiyo anayeanzisha lebo leo, iwe Kariokor, Kayole au Kisumu, aanze na daftari kabla ya nembo: nani alipiga nini, siku gani, nani alilipa, haki ni za nani, na tepu au faili kuu zimehifadhiwa wapi, angalau mahali pawili. Nakala moja aikabidhi kwa taasisi ya kumbukumbu. Nawe msomaji uliye na masanduku ya santuri za wazee nyumbani, usiyatupe wala usimuuzie mpita njia kwa bei ya kuokota. Huenda lebo nzima imebaki humo.