Mwenye Hisa Mdogo Anamiliki Nini?

Nilipokwenda Lundo mwishoni mwa mwaka kuwasalimu ndugu zangu, mjomba hakunipa hata nafasi ya kunawa vumbi la safari. Amestaafu ualimu wa shule ya msingi, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimekwisha kugawanywa: bati la nyumba, ada ya mjukuu, injini ya boti ya mwanawe. Kiasi kilichobaki hakutaka kukitia dukani wala katika nyavu. Alikuwa amesikia habari za kampuni ya Dar es Salaam inayovuna gesi kutoka chini ya ardhi ya Rungwe, katika milima iliyo kaskazini ya ziwa letu hilihili la Nyasa, na kwamba mtu yeyote aweza kununua hisa zake.

Barazani mjadala ulikuwa umekwisha kupamba moto. Mchuuzi wa usipa alisema kuwa gesi iliyo ardhini haiozi wala haiogopi mvua, hivyo fedha iliyowekwa humo i salama kuliko samaki aliyeanikwa mchangani. Kijana aliyesomea uhasibu alimjibu kuwa kisichooza kinaweza kukauka, na kwamba bei ya hisa haifuati wingi wa gesi bali faida. Muuguzi mstaafu aliuliza kama gawio hulipwa kila mwaka, hakuna aliyemjibu. Ndipo mjomba akanigeukia: "Mpwa wangu, wewe unafundisha watu wazima. Nikitoa fedha yangu, nitakuwa nimenunua nini?"

Nilimpa jibu la vitabuni, kwamba hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Aliitikia kwa adabu, lakini niliona kuwa halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha mimi mwenyewe. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya, na njia ninayoifahamu ni ya historia.

Kwa watu wa Ruvuma, hisa haikuanzia katika soko la mitaji. Ilianzia katika ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1936 kikaundwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichouza tumbaku ya wakulima wa Songea na baadaye kuhudumia mazao mengine ya eneo hili. Mkulima alilipa kiingilio na hisa yake, akawa mwanachama. Hisa hiyo ilikuwa na tabia mbili. Kwanza, haikuwa na bei inayopanda au kushuka. Hakuna aliyeinunua leo ili aiuze kesho kwa faida. Pili, ilimpa mwenyewe kura moja, awe na ekari moja au ishirini. Kwa maneno mengine, ilikuwa hisa yenye sauti, isiyo na bei.

Sauti hiyo, hata hivyo, ilitegemea ridhaa ya wenye mamlaka. Miaka ya mwanzo ya uhuru, vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea, na kutokana nacho kikakua Chama cha Maendeleo Ruvuma. Wanakijiji walilima pamoja, wakagawana mapato kwa uamuzi wao wenyewe, na chama chao kikamiliki kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao. Mwalimu Nyerere aliwasifu na kujifunza kwao. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Mei 1976 ikawa zamu ya vyama vikuu vya ushirika nchini kote: vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha, na huku kwetu Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kikashika biashara ya kahawa ya Wamatengo, lakini katika miaka ya 1990, soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, kikaanguka na madeni yake. Wazee wengi wa milimani wangali wanakumbuka kahawa waliyoipeleka bila kulipwa.

Nayasimulia haya kwa sababu mtu wa rika la mjomba haendi sokoni na akili tupu. Anapouliza atakuwa amenunua nini, nyuma ya swali lake kuna kinu cha Litowa na kahawa ya Mbinga.

Aina ya pili ya hisa ililetwa na mageuzi ya uchumi. Bunge lilitunga Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana mwaka 1994, Soko la Hisa la Dar es Salaam likasajiliwa mwaka 1996, na tarehe 15 Aprili 1998 likafungua milango ya biashara. Kampuni ya kwanza kuorodheshwa haikuwa benki wala kiwanda cha bia. Ilikuwa TOL, ambayo zamani iliitwa Tanzania Oxygen Limited, na ndiyo hiyo aliyoisikia mjomba. Kampuni hiyo hutoa oksijeni kwa kuipoza hewa mpaka iwe kimiminika na kuitenga sehemu kwa sehemu, kwa ajili ya hospitali na mafundi wa kuchomelea. Huko Rungwe, karibu na mlima wa volkano wa Kyejo, huvuna kaboni dayoksaidi inayopanda yenyewe kutoka ardhini, ikasafishwa, ikashindiliwa katika mitungi na kuuzwa hasa kwa viwanda vya vinywaji. Povu la soda anayokunywa mtoto huenda lilianzia chini ya migomba ya Wanyakyusa.

Wawekezaji wadogo walionunua hisa za TOL mwanzoni walijifunza haraka kuwa hisa ya sokoni ina bei, na bei ina miguu. Kwa miaka mingi ilisimama chini ya ile waliyonunulia, kisha ikapanda na kuipita. Aliyelazimika kuuza katikati kwa ajili ya ada au ugonjwa alipata hasara. Aliyekuwa na subira, au tuseme aliyekuwa na akiba nyingine ya kumvusha, alinufaika. Tofauti kati ya wawili hao haikuwa akili. Ilikuwa uwezo wa kungoja, na uwezo huo mwenye kipato kidogo hana.

Mjadala wa pale barazani, kwa hiyo, una wenzake duniani. Jijini London kuna kampuni iliyoorodheshwa iitwayo Iofina, ambayo kazi yake kubwa iko Oklahoma, Marekani: hupokea maji ya chumvi yanayotoka pamoja na mafuta na gesi visimani, huyatenga na iodini iliyomo, na kuyarudisha maji kwa wenye visima. Wenye hisa wake wadogo hubishana kama walivyobishana watu wa Lundo: bei ya iodini itapanda au itashuka, maji yatatosha au hayatatosha. Iodini nyingi ya dunia huchimbwa Chile, nyingine hutoka katika maji ya chumvi ya Chiba nchini Japani, hivyo kampuni ndogo haipangi bei. Tena haimiliki visima. Wachimba mafuta wakipunguza kazi, maji nayo hupungua. Ndivyo ilivyo kwa gesi ya Rungwe, ambayo mnunuzi wake mkubwa ni mtengeneza vinywaji: kiwanda kikiyumba, kisima hutikisika. Mwenye hisa mdogo hutazama ardhi na kuuliza imebeba kiasi gani, ilhali hatima ya fedha yake iko mikononi mwa watu walio juu ya ardhi.

Iodini yenyewe si kitu kigeni kwetu. Katika miaka ya 1980, robo ya Watanzania waliopimwa walikuwa na uvimbe wa tezi la shingo, na nyanda za juu za kusini zilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Baada ya kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini na kuamuru chumvi itiwe iodini katika miaka ya 1990, kiwango hicho miongoni mwa watoto wa shule kilishuka hadi asilimia 7 ilipofika mwaka 2004. Mama wa Mbinga aliyenunua pakiti ya chumvi hakuwa mwenye hisa wa kampuni yoyote, lakini alipata faida kubwa kuliko gawio, kwa sababu dola iliamua kuwa afya ya mwanawe haitaachiwa bei peke yake.

Turudi sokoni. Je, hisa yenye bei ina sauti? Kisheria, ndiyo. Kila mwenye hisa aweza kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka au kumtuma mwakilishi, na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawaruhusu wanachama wenye moja ya kumi ya kura kudai uitishwe mkutano wa dharura. Lakini kura hapa huhesabiwa kwa hisa, si kwa vichwa. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania ilipouza asilimia 25 ya hisa zake, yaani hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, maelfu ya Watanzania wa kawaida walinunua. Baadaye bei ilishuka chini ya hiyo 850. Hata wote wangekusanyika katika ukumbi mmoja na kupiga kura kwa kauli moja, mwenye sehemu kubwa angebaki na uamuzi wake.

Upo mfano mmoja wa kutia moyo, na wanafunzi wangu wanajua kuwa naupenda. Kampuni ya NICOL iliundwa ili Watanzania wa kipato cha kawaida waunganishe mitaji yao. Iliorodheshwa mwaka 2008, na mwaka 2011 ikaondolewa sokoni baada ya kushindwa kutimiza masharti ya kutoa hesabu. Wengi waliona fedha zao zimekwenda na maji. Lakini kwa kuwa hapakuwa na bwana mkubwa aliyeshika sehemu kubwa, wenye hisa wadogo waliojipanga waliweza kuubadili uongozi. Hesabu zikanyooshwa, na mwaka 2018 kampuni ikarejea sokoni. Sauti ilirudi pale wadogo walipotenda kama wanaushirika.

Kuna aina ya tatu, nayo ndiyo inayoniuma. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya Tancoal. Shirika la Maendeleo la Taifa lilikuwa na asilimia 30 kwa niaba ya umma. Asilimia 70 zilikuwa za Intra Energy, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Australia. Mtumishi mstaafu wa Sydney aliweza kununua kipande cha makaa ya Mbinga akiwa kitini kwake, akabishana na wenzake juu ya bei yake. Mwalimu mstaafu wa Lundo, aliye upande huu wa milima hiyohiyo, hakuwa na dirisha la Dar es Salaam la kuinunulia. Alikuwa mmiliki kwa jina la umma, asiye na bei ya kuuza wala kura ya kupiga. Mwaka 2016 kanuni za madini zilitaka wenye leseni kubwa za uchimbaji wauze asilimia 30 ya hisa zao kwa wananchi kupitia soko la ndani. Marekebisho yaliyofuata yakaelekea zaidi kwenye hisa za serikali, zisizopungua asilimia 16. Sipingi serikali kushika hisa. Nasema tu kuwa hisa ya serikali haimfanyi mwanakijiji kuwa mwenye hisa mpaka awe na mahali pa kuuliza habari zake na kujibiwa.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina mambo mawili. Waraka wa matarajio na taarifa ya mwaka viandikwe kwa Kiswahili kamili, si kwa muhtasari wa ukurasa mmoja. Mtu hawezi kupiga kura juu ya hesabu asizozisoma. Na pale shirika la umma linaposhika hisa katika mgodi, lifike katika vijiji jirani kila mwaka, lisome mapato, gawio na madeni mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kama katibu wa ushirika alivyopaswa kufanya.

Kwa mjomba, niliandika barua. Nilimwambia kuwa akinunua hisa za kampuni ya gesi atakuwa amenunua vitu vitatu: haki ya gawio kama litatangazwa, haki ya kuuza kama mnunuzi atapatikana, na kura ndogo mno. Hatakuwa amenunua gesi. Nikamsihi asiweke fedha ambayo huenda akaihitaji kabla ya miaka mitano, na kwamba kama ataingia, asiingie peke yake.

Alinipigia simu baada ya wiki mbili. Yeye, muuguzi na walimu wengine wanne wameanzisha kikundi. Kila mmoja ametoa kiasi ambacho hata kikipotea hatalala njaa, na kijana wa uhasibu amepewa kazi ya kuwatafsiria taarifa ya mwaka kabla hawajanunua chochote. Mchuuzi wa usipa amekataa kujiunga. Anangoja, alisema, aone kama kijana atafika ukurasa wa mwisho.